Karata Ambazo Hakuwa Nazo

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Muuza makaa akiniambia gunia limejaa, mimi hutia mkono hadi chini. Mtu akinisifia nguo, najiuliza anataka kuazima nini. Watoto wangu husema nilizaliwa hivi. Si kweli. Nilifundishwa, na aliyenifundisha ni mume wangu mwenyewe, mezani, kwa karata, katika landhi za reli, nyumba za wafanyakazi, pale Nakuru, miaka ya hali ya hatari.

Mume wangu alikuwa mchocheaji moto kwenye injini. Kabla ya hapo alikuwa askari, akapelekwa Bama wakati wa vita, na huko mvua ilipokuwa ikiwafungia kambini walijifunza mchezo wa karata unaoitwa poka. Wenzake walirudi na baiskeli na makoti. Yeye alirudi na pakiti ya karata zilizochakaa pembe, na sikuchelewa kumwambia kwamba alidanganywa.

Kanisa letu lilikataza karata kabisa. Mzee wa kanisa aliishi safu ya pili, na alikuwa na masikio marefu kuliko ya sungura. Kwa hiyo Jumapili mchana, watoto wakishatoka kwenda kucheza, sisi tulifunga mlango, tukashusha pazia, tukacheza kimya kimya kwa maharagwe. Majirani waliona mlango umefungwa na pazia limeshuka mchana kweupe, mume na mke wamo ndani, wakafikiri wanavyofikiri watu. Wanawake walinicheka bombani. Niliwaacha wacheke. Afadhali hilo kuliko kuitwa mbele ya kanisa.

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mtu hupewa karata tano, anaziangalia, mnaweka maharagwe katikati. Kisha unatupa zile usizozitaka na kupewa nyingine badala yake, mnaongeza maharagwe, mnafunua. Jozi moja hushindwa na jozi mbili. Jozi mbili hushindwa na karata tatu zinazofanana. Na karata tano za umbo moja, kopa tupu au maua matupu, hushinda hizo zote. Hizo tano sisi tuliziita ukoo.

Mwanzoni nilikuwa nikimkodolea macho nikijaribu kukisia ameshika nini, naye alinivua maharagwe yote kabla chai haijapoa. Siku moja akanihurumia.

"Mama watoto, wewe unatafuta karata moja. Hutaipata. Wewe fukuza zile hana. Zenye zitabaki, ndizo unapigana nazo."

Akanionyesha. Mtu akibadilisha karata tatu, basi ameshika jozi. Ukoo wote umefukuzwa, usiuogope. Akibadilisha moja tu, ana jozi mbili, au ana nne za ukoo na anaomba ya tano. Sasa kumbuka: kabla ya kubadilisha, aliweka maharagwe mengi au machache? Mwenye jozi mbili hujiamini mapema. Mwenye kuomba hunyamaza, kwa sababu bado hana kitu. Hivyo unafukuza moja, unafukuza nyingine, mpaka mtu aliye mbele yako anabaki na mlango mmoja wa kutokea, na wewe umesimama hapo hapo. Nilipenda mno. Sikuwahi kupenda kitu nilichofundishwa na mtu namna hiyo, hata kushona.

Na miaka ile ilikuwa ya kufukuza karata. Mji mzima ulikuwa ukisomana nyuso. Familia iliyokaa mlango wa kushoto, Wakikuyu waliokuwa wakinipa sukuma wiki bila kuombwa, ilichukuliwa na polisi asubuhi moja, ikishukiwa kuwasaidia wapiganaji wa msituni, na vyombo vikabaki jikoni. Nani aliwataja? Kila mtu alimwangalia mwenzake. Mtu akipata viatu vipya, watu walijiuliza ni kwa kazi gani. Akikaa kimya, walijiuliza anakumbuka nini. Sisi tuliotoka magharibi tulijiona tuko salama kidogo, lakini salama kidogo si salama.

Ndipo mume wangu akaanza kubadilika.

Niliona mezani kwanza. Yeye hakuwa mtu wa kuweka maharagwe juu ya hewa. Akiweka, anacho. Ghafla akaanza kubadilisha karata moja, kisha kusukuma rundo zima katikati kwa uso mkavu, na akifunua unakuta kopa nne na uru moja. Ukoo uliokosa mtu mmoja, yaani si kitu. Alifanya hivyo Jumapili moja, akacheka, akasema, "Nilikuwa napima wewe." Jumapili nyingine akarudia. Nilishinda maharagwe mengi na sikufurahi hata kidogo. Mtu haanzi kudanganya mezani. Anaanza kwingine, akishazoea ndipo mkono unamponyoka mezani.

Nikaanza kumtazama. Zamani alikuwa akinisomea gazeti. Akaacha, akasema halina habari. Nilipishana naye kwenye lango la landhi, mimi na debe la maji kichwani, akanipita kana kwamba mimi ni nguzo. Alizoea kukaa nje jioni na wanaume wenzake wakicheza drafti kwa vizibo vya soda. Akaacha hiyo pia. Jumamosi alitoka akisema anaitwa shedi, zinakolala injini, na fundi wa shedi akaniambia hakumwona.

Nilifanya kama alivyonifundisha. Nikapanga karata zote anazoweza kuwa nazo. Siasa? Nikaifukuza, maana alikuwa mwoga wa polisi, hata kipande chake cha kitambulisho alikikagua kabla ya kwenda chooni. Upelelezi? Hiyo ilininyima usingizi kidogo, lakini mpelelezi huuliza maswali, na huyu wangu alikuwa ameacha kuuliza chochote. Kumwaga unga? Hapana, kinyume chake. Wote walijua amekaribia kupandishwa kuwa dereva, na dereva hupewa nyumba ya vyumba viwili yenye jiko lake. Mimi nilikuwa nimeshapanga kichwani kitanda cha watoto kitakaa wapi.

Ikabaki karata moja: mwanamke.

Nikieleza kwa nini hiyo ilinitisha, mtu wa leo hanielewi. Landhini mke aliishi kwa hisani ya kazi ya mume. Mwanamume akipata mwingine, hakuna kelele. Anakwambia mvua imenyesha nyumbani, shamba linahitaji mtu, anakukatia tikiti. Nilikuwa nimeona wake wengi wakipandishwa treni ya Kisumu kwenda kupanda mahindi, na kabla mahindi hayajaota, kuna mwingine anapika kwenye jiko lile lile. Na mimi niliipenda Nakuru. Nilipenda bomba la maji, shule ya watoto, hata vumbi jeupe la ziwani lililoharibu nguo nilizofua. Sikuwa tayari kuiacha kwa ajili ya mtu.

Kisha nikamwona, kwa macho yangu. Nilikuwa sokoni nimechutama nyuma ya lundo la kabichi nikichagua. Mume wangu alikuja kutoka upande wa barabara, akasimama, akaangaza huku na huku, halafu uso wake ukafunguka kwa tabasamu ambalo sikuwa nimeliona kwa miezi. Akamwendea mwanamke mmoja mrefu aliyekuwa akipimiwa viazi. Akamgusa bega. Yule mwanamke akageuka, wakasemezana, akacheka, naye akacheka, kisha mume wangu akaondoka haraka haraka ameinamisha kichwa. Yule mwanamke alikuwa amefunga kitambaa cha samawati kama changu. Duka la Mhindi lilikuwa limeuza kitambaa hicho kwa nusu ya Nakuru, lakini mimi wakati ule niliona jambo moja tu: hata kuchagua hakujisumbua, ametununulia sare.

Jioni nilimuuliza, "Leo ulifika soko?"

"Sijafika," akasema, akaendelea kula.

Basi. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuchemsha maji bila moto.

Jumapili ile mvua ilinyesha kutoka Menengai tangu saa ya kutoka kanisani. Tulifunga mlango. Nilipochanganya karata, nilimwambia leo hatuchezi maharagwe peke yake. Nikishinda rundo la mwisho, atanijibu swali moja, na atajibu kweli. Akishinda yeye, sitauliza tena, siku hiyo wala siku nyingine.

Alisogeza kiti karibu na meza. Kisha akasema, "Sawa. Gawa."

Tulicheza maharagwe yakienda na kurudi, mpaka nikashika manane matatu. Nilitaka kupiga kelele, lakini nilijikuna shingo kama mtu aliyechoshwa. Yeye aliweka maharagwe machache. Nikaweka machache. Mimi nikabadilisha mbili, sikupata cha maana. Nikabaki na manane yangu matatu, ambayo yenyewe si haba. Yeye akatupa karata moja. Nikampa moja. Akaiinua karibu sana na uso, akaitazama, akaishusha. Kisha akasukuma maharagwe yake yote katikati.

Sasa nikafukuza. Jozi mbili? Angeweka mengi mapema, hakuweka. Zifukuze. Karata zinazofuatana? Huyu hazipendi, kwake ni mchezo wa watoto. Zifukuze pia. Basi aliomba ukoo. Ama ameupata, na mimi na manane yangu tumekwisha, ama ameukosa na anatia uongo kama Jumapili zile nyingine. Nilimtazama machoni, naye hakunitazama. Nikajiambia: huyu mtu amezoea uongo, analala nao na kuamka nao. Nikasukuma maharagwe yangu yote.

Akafunua karata zake kwa furaha kama mtoto.

"Ukoo!" akasema. "Kopa tupu. Haya mama, sasa maswali imeisha."

Akaanza kuyavuta maharagwe kwake kwa mikono miwili.

Nikatazama karata. Kopa na uru zote ni nyekundu. Tofauti ni kwamba kopa ina mabega ya mviringo, na uru imechongoka juu na chini. Mezani palikuwa na kopa tatu. Na uru mbili.

"Ati kopa tupu?" nikasema. "Unaniibia mchana, nikiwa nimekaa hapa?"

"Kuiba nini? Si hizi?"

"Hizi! Hii ni nini? Na hii?"

Nilingoja acheke na kusema alikuwa ananipima. Hakucheka. Alizichukua zile uru mbili, akasogea dirishani, akainua pembe ya pazia, akazileta karibu na pua mpaka zikagusa. Akapitisha kidole juu ya rangi nyekundu kana kwamba ingeweza kupapaswa. Nilikuwa nimeuona uso wake akidanganya, na huu haukuwa huo. Huu ulikuwa uso wa mtu aliyeogopa.

Ndipo nikaelewa. Kila kitu nilichokuwa nimekifukuza, nilikifukuza nikiamini jambo moja ambalo hata sikulitaja: kwamba yeye anajua ameshika nini. Zile Jumapili zote hakuwa akidanganya. Alikuwa akiona ukoo.

Aliketi tena. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Umeshinda," akasema. "Uliza."

Nilikuwa na swali langu moja, nimelinoa wiki nzima, na sikujua tena lina kazi gani. Lakini mimi ni mimi. Nikauliza.

"Yule mwanamke wa soko ni nani?"

Akainamisha kichwa.

"Nilifikiria ni wewe," akasema. "Niliona kitambaa. Nikasema leo wacha nibebee huyu mama kikapu."

Nililia. Sikulia kwa uzuri. Nililia kwa hasira, kwa sababu ningependa zaidi awe na mwanamke. Mwanamke ningemfukuza kwa mwiko. Lakini sikukosea kumshuku, na hilo nimelishikilia mpaka leo. Alikuwa anaficha.

Alinieleza yote. Ugonjwa ulianza kama ukungu upande wa jicho la kulia, jicho la mtu anayetazama tanuru la injini mchana na usiku, kisha la kushoto likafuata. Jumamosi alizodai yuko shedi alikuwa akienda kwa mganga mmoja wa macho aliyemtilia dawa ya majani na kumwambia avumilie. Na kupandishwa kuwa dereva kulikuwa na mtihani wa macho kwa daktari wa reli. Rafiki yake mmoja aliyekwisha kuufanya alikuwa amemwambia herufi za ubao ule, mstari kwa mstari, naye alikuwa ameshazikariri zote. Alinitajia hapo hapo, kama mtoto anayesoma sala.

"Na signo?" nikamuuliza. "Huko njiani unaona signo namna gani?"

Akaniambia kuna desturi kwenye injini. Dereva akiona signo, ule mkono wa chuma kando ya reli ambao ukishuka treni inaruhusiwa kupita, hutamka kwa sauti kwamba imeshuka au imesimama, na mchocheaji lazima aangalie yeye mwenyewe kisha arudie, ili macho ya watu wawili yakubaliane. Dereva wake akisema imeshuka, na yeye husema imeshuka.

"Unarudia tu?"

"Narudia."

"Na ukiwa dereva, nani atasema wa kwanza?"

Akaanza kukusanya karata. Swali hilo halikuwa kwenye mapatano.

Sitajifanya kwamba sikuwaza. Niliwaza. Nyumba ya vyumba viwili ilikuwa mita chache kutoka hapo tulipoketi, ningeweza kuiona kama ningefunua pazia. Niliwaza kwamba njia ya kupanda milima ya Mau huijua kwa mgongo, kila kona. Niliwaza kwamba atapata mchocheaji mwenye macho mazuri. Kisha nikawaza treni ya abiria imejaa wanawake na vifurushi na kuku, na huku mbele mtu mmoja anasema imeshuka kwa sababu anatamani iwe imeshuka. Na mimi ndiye ningekuwa nimejua, nyumbani, nikipika kwenye jiko langu jipya.

"Usiende kusoma hizo herufi," nikamwambia. "Kesho nenda kwa bwana foromani umwambie mwenyewe."

"Tutapoteza nyumba. Hata hii."

"Najua."

"Utarudi nyumbani, mama watoto. Wewe na watoto."

"Nimesema najua!"

Alikwenda. Daktari alimulika macho yake na kusema miwani haitasaidia. Foromani, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimtoa kwenye injini na kumweka stoo ya vifaa, kazi ambayo mikono huijua bila macho. Lakini nyumba yetu ilikuwa ya watu wa injini, na watu wa stoo wasio na cheo walilala wanaume peke yao, wanne chumba kimoja. Mume wangu aliniomba jambo moja tu: watu wasijue. Mwanamume mwenye mwanamke nje husemwa, na kusemwa hupita. Mwanamume asiyeona huongozwa kwa mkono na kuitwa masikini, na yeye aliogopa neno hilo kuliko giza lenyewe. Zaidi ya hayo, kama ingejulikana, dereva wake angeulizwa amekwendaje siku zote hizo na mchocheaji wa namna ile. Kwa hiyo tulisema ni kifua. Joto la tanuru limemharibu kifua.

Wanawake wa landhi hawakukubali kifua. Niliwaona bombani wakifanya kazi ile ile niliyoifanya mimi. Mtu wa kifua hukohoa, na huyu hakohoi. Mtu wa kifua humtaka mke karibu amkande, na huyu anamfukuza. Wakafukuza hiki, wakafukuza kile, ikabaki ile ile karata niliyobaki nayo.

Asubuhi ya kuondoka, jirani yangu wa mlango wa kulia alinisindikiza stesheni, amembeba mtoto wangu mdogo. Mume wangu alikuwa anahangaika na masanduku mbele yetu, akipapasa vishikio. Jirani alimwangalia kwa chuki, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Nilipokwisha kupanda behewani, akanipa mtoto dirishani, akanishika mkono.

"Mimi si mtu wa kuingilia," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini sisi ni wanawake. Ametoka wapi huyo mwingine?"

Ningeweza kusema hakuna mtu. Angejiuliza basi ni nini, na angekuwa na safari nzima ya kurudi nyumbani ya kuwaza.

"Ni wa Njoro," nikamwambia. "Mjane. Ana shamba la pareto."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu, akitafuta. Kisha akaguna, akaniambia pole sana, na nikaona ameniamini.